Mwavuli wa Tatu Ulipochelewa

Jumatano ile asubuhi mtaa mzima ulibeba viti kwenda ukingoni mwa mto kutazama roketi, isipokuwa Odessa Pruitt. Yeye alibaki jikoni anasugua kikaango kilichokuwa safi tangu jana yake. Mumewe, Dewitt, alisimama mlangoni, viti viwili vya kukunja kavibana kwapani, chupa ya kahawa mkononi.

"Twende, Dessa. Watu wataniuliza nimekuacha wapi."

"Waambie nina vyombo."

"Miaka ishirini na saba hujakosa roketi hata moja, leo umeshikwa na kikaango?"

"Zile zilikuwa za serikali. Hii ni ya wenye duka. Mimi sitoki nyumbani kwangu kwenda kutazama gari la duka likipeleka mikate."

Dewitt alicheka kile kicheko chake cha puani. "Haya. Lakini wivu hautoki kwa sabuni ya vyombo, mama."

Akaenda zake, na kiti kimoja akakiacha barazani makusudi, kama mtu anayemwachia paka maziwa.

Odessa alikuwa mfungaji wa miavuli. Si miavuli ya mvua. Ni ile mikubwa ya kuteremshia vyombo vinavyorudi kutoka angani, ambayo mmoja tu ukitandazwa unafunika kanisa la mji wetu wa Mims na uwanja wake wa magari. Aliingia jumba la miavuli la serikali akiwa na miaka thelathini na minne, akitokea kiwanda cha kushona mahema, na siku ya kwanza walimkata kucha, wakamvua pete ya ndoa, wakashona mifuko ya suruali yake ili asibebe kitu. Kazi ile ni ya watu wawili: mmoja anakunja, mwenzake anahesabu mikunjo kwa sauti, na mwenye kuhesabu haruhusiwi kukohoa. Kikishakunjwa, kitambaa kinashindiliwa kwa mashine ndani ya mfuko mpaka kinakuwa kigumu kama gogo. Kisha jina la aliyekunja linashonwa ndani ya mfuko kwa uzi mwekundu. Jina la Odessa lilikwenda juu na kurudi mara nyingi kuliko rubani yeyote, na hilo alipenda kulisema, na sisi wenzake wa jumbani tulikuwa tumelizoea.

Mwezi wa kumi mwaka ule serikali ilileta barua. Safari zimebaki mbili, ya mwisho kiangazi kijacho, baada ya hapo jumba linafungwa. Odessa aliisoma barua amesimama, akaikunja mikunjo minne sawasawa, akaiweka chini ya kopo la sukari. Alikuwa na miaka sitini na mmoja.

Hilo peke yake angelimeza. Kazi zote zina mwisho. Lililomkaa kooni ni Charla.

Charla Beaudry aliletwa jumbani akiwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mikono inamtoka jasho, hawezi kunyoosha pindo bila kuling'ata. Odessa ndiye aliyemfundisha. Alimfundisha kwa rula ya mbao, akimgonga vidole kila kidole gumba kilipowahi kuingia kabla ya mkunjo kukaa. Walikaa meza moja miaka kumi na minane. Watoto wa Charla walikulia kwenye baraza ya Odessa. Halafu, miaka miwili kabla ya Jumatano hii, Charla alikuja jioni moja na keki ya ndimu, akakaa, akasema ile kampuni ya vijana kutoka California inatafuta wafungaji wawili.

"Twende wote, Bi Dessa. Nimewaambia siji peke yangu. Meza mbili, yako na yangu."

Odessa alicheka mpaka chai yake ya barafu ikamwagikia mapajani. "Hao wanaokuja kazini na kaptula? Binti yangu, hao baada ya miaka miwili watakuwa wanauza soseji ufukweni. Kaa ulipo."

Charla hakukaa. Alikwenda peke yake. Miaka miwili ilipita, na hakuna aliyeuza soseji.

Saa nne kasorobo vioo vya dirisha vilianza kutetemeka. Odessa alizima bomba la maji. Hakutaka kusikiliza, lakini masikio ya mtu wa huku hayaombi ruhusa: alihesabu sekunde, akasikia mngurumo ukipanda na kunyooka bila kukwaruza, akajua imekwenda vizuri. Kutoka mtoni zilikuja kelele za watu wanapiga makofi, wale wale waliompigia makofi yeye miaka yote. Moyoni alihisi kama mtu aliyeona mgeni anakula kwenye sahani yake, tena anakula kwa adabu, kiasi kwamba huwezi hata kumgombeza.

Roketi ile ya kampuni ya kina Charla ilikuwa imebeba kasha la mizigo, na safari yenyewe ilikuwa ya majaribio. Ndani hakukuwa na mtu. Walitia mifuko ya mchanga ili kupata uzito, na kwa utani wakaongeza sanduku la machungwa ya Mims. Kasha lilitakiwa kuizunguka dunia mara mbili, kisha lirudi kwenye bahari ya upande wetu kwa miavuli mitatu. Ikishindikana hapo, serikali ingevunja mkataba. Ikifaulu, kubeba mizigo yote ya wale wanaoishi angani kungekuwa kazi ya kampuni.

Watu walihamia kwenye gereji ya Norvell Tibbs kungojea kasha lirudi. Norvell ni fundi redio mstaafu mwenye televisheni kubwa kuliko haja yake na mdomo mkubwa kuliko televisheni. Odessa alivumilia nyumbani kwa saa mbili na nusu. Kisha akakumbuka kwamba ana sufuria ya Norvell ya tangu Pasaka, akaijaza njugu za kuchemsha, akaenda kuirudisha.

"Haa! Mwenyewe kaja!" Norvell alipaza sauti. "Mpisheni Dada Dessa mbele, huyu ndiye anayejua mambo haya."

"Nimeleta sufuria tu."

"Sufuria imekaa kwako miezi minane, leo imekumbuka kwao. Keti, dada. Machungwa yetu yako juu ya Australia sasa hivi."

"Mimi sijafika hata Atlanta," alisema mama mmoja nyuma, "machungwa yanazunguka dunia." Watu wakacheka.

Odessa aliketi. Na kwenye televisheni, kana kwamba walimngoja afike, wakaonyesha jumba la kampuni na meza ndefu nyeupe, na mbele ya meza alikuwepo Charla, mikono ya shati imekunjwa, nywele amezikata fupi, anaonekana kijana zaidi kuliko alivyoondoka. Mtangazaji alimuuliza wanafungaje miavuli. Charla hakusema mengi. Alionyesha kwa mikono: kitambaa kinarudi nyuma, kinakuja mbele, kinarudi nyuma, kama maji ya mtoni upepo ukiwa mdogo.

Odessa aliijua mikono ile kuliko yake. Mkunjo ule wa mawimbi aliubuni yeye mwenyewe, mwaka ambao mvua ilivuja jumbani na kitambaa kikawa kinateleza. Hakuna kitabu kilichouandika.

"Mbinu mpya kabisa ya kampuni," alisema mtangazaji kwa furaha. Charla alitabasamu, akafungua mdomo kama anayetaka kusema neno, na hapo hapo picha ikahamia baharini.

Mpya. Odessa alitafuna njugu na maganda yake.

Kasha likaonekana, doa jeusi katika mbingu. Mwavuli wa kwanza ukachomoza, ukajaa. Wa pili ukafuata, ukajaa, rangi ya chungwa na nyeupe. Wa tatu ukatoka mwembamba kama fimbo ya mua, ukabaki hivyo. Sekunde moja. Tatu. Nne. Watu walishika vifua. Na Odessa, Mungu amsamehe, alihisi utamu ukimteremka kooni kama asali. Usifunguke, alisema moyoni. Usifunguke.

Sekunde ya sita ukafunguka, mpana, mzuri, na kasha likatua majini polepole kama bata.

Gereji ililipuka. Norvell aliruka akamkumbatia Dewitt, kahawa ikamwagika, mtu akapiga honi ya gari. Odessa alibaki ameketi, na sufuria mapajani.

"Lakini ule wa tatu, Dada Dessa," Norvell alimgeukia, anahema. "Wewe ndiye mjuzi. Ule ulikuwa na nini?"

Na alijua ulikuwa na nini. Hata mfagiaji wa jumba la miavuli anajua. Miavuli mitatu ikitoka pamoja huibiana upepo. Ule unaowahi kujaa unawanyima wenzake, na mara nyingi mmoja anachelewa mpaka wenzake washibe. Hakuna kosa la mtu hapo. Jumbani walikuwa na neno lao: mkubwa kala kwanza. Maneno matatu tu, angeyasema na kuendelea na njugu zake.

Alisema, "Aliyeufunga ule alikuwa na haraka."

"Haa?"

"Nimesema. Mkono wa haraka unajionyesha."

Norvell aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa kitu cha thamani. Dewitt alimtazama mkewe kwa muda, kisha akainama kufuta kahawa sakafuni.

Njiani kurudi Dewitt alisema, "Wewe unaamini ulilosema pale?"

"Mimi niliulizwa, nikajibu."

"Sikukuuliza kama ulijibu."

Odessa akatembea mbele.

Ulimi hauna mfupa, lakini Norvell ana simu. Kila alasiri hupigia kipindi cha wasikilizaji cha redio ya hapa, na siku ile alipiga mapema. Saa kumi jioni mji mzima ulikuwa umesikia kwamba mfungaji mkongwe wa serikali, mwenye miaka ishirini na saba kazini, amesema mwavuli wa tatu ulifungwa kwa haraka. Hakumtaja jina. Hapakuwa na haja. Wafungaji wa miavuli wa kutosha kujaza meza moja ya chakula hawapatikani nchi nzima.

Alhamisi gazeti liliandika. Ijumaa, kwenye saluni, mwosha nywele alimwambia Odessa, "Wewe si mchezo, mama, umewaona kwa televisheni tu!" na Odessa alikubali sifa ile, akainamisha kichwa beseni, na kwa dakika kadhaa maji ya moto na sifa vilimwendea vizuri. Jumapili kanisani, wakati wa kupeana mikono ya amani, mama yake Charla, aliyekaa kiti cha mbele yake miaka yote, aligeuka, akampa mkono Dewitt, akampa mkono mtoto aliyekuwa nyuma yao, akageuka tena mbele.

Jumanne Charla mwenyewe alisimama barazani. Hakuleta keki.

"Habari za asubuhi, Bi Dessa."

"Nzuri. Kaa."

"Sikai. Kitambaa kimefika bandarini, kimeoshwa, kinaning'inia jumbani kwetu. Nimekuja kukuita uje uonyeshe."

Hilo ndilo jambo ambalo Odessa hakuwa amelifikiria, au alilifikiria akalisukuma chini ya kopo la sukari pamoja na barua.

Sisi watu wa miavuli tuna desturi, ya tangu kabla ya Odessa kuzaliwa kikazi. Ilianza na bwana mmoja aliyemsema mwenzake baa kwamba kachana kitambaa. Mwenzake akaacha kazi kwa aibu, akahama mji, na baadaye ikaonekana mchaniko wenyewe ulikuwa utepe wa mwani wa baharini. Tangu hapo ikawa sheria isiyoandikwa: mfungaji akimsema mfungaji, anayesemwa hagusi kitambaa mpaka msemaji aje, asimame mbele ya kitambaa chenyewe, aonyeshe kwa kidole. Anayesemwa haruhusiwi kujitetea, hasemi neno. Msemaji akionyesha kweli, jina linafumuliwa mfukoni. Na akionyesha bure, msemaji hakunji tena msimu ule, anaosha tu.

"Wale vijana wako wanaijua desturi hii?" Odessa aliuliza.

"Nimewaeleza. Nimewaambia sigusi meza mpaka uje. Wana wasiwasi, maana safari ya pili iko mwezi wa nne na mfungaji ni mimi. Na serikali imeandika barua kuuliza." Charla alishusha pumzi. "Mfuko wa tatu una jina langu. Niliukunja kwa siku tatu, Bi Dessa. Ukisema kuna kitu, nitakubali, nitafumua jina kwa mkono wangu mwenyewe. Wewe hujawahi kunidanganya kuhusu kitambaa."

Afadhali angetukana.

Jumba la kampuni lilikuwa jipya, na sakafu yake iling'aa. Meza zilikuwa ndefu kuliko za serikali, taa zisizo na kivuli, mashine ya kushindilia isiyolia kama punda. Odessa aliingia akavua pete bila kuambiwa. Kila alichokiona kilimchoma. Kwenye ukuta wa mashariki palikuwa na meza mbili sambamba. Moja ilikuwa na mikasi ya Charla na kikombe chake. Ya pili ilikuwa tupu, imefunikwa shuka, na hakuuliza ni ya nani.

Mhandisi wao, msichana mmoja aitwaye Marisol Quade, alikuja na ubao wa kuandikia. Miguuni alivaa raba, na amekuja na kaptula kweli, mwezi wa kumi na mbili.

"Karibu sana, mama. Tumesikia sifa zako. Sijui utaratibu wenu unakwendaje, utanielekeza."

"Wewe andika tu nitakachosema."

Mwavuli wa tatu ulining'inia kutoka kwenye reli ya dari kama nguo ya jitu. Odessa alianza kwenye pindo la chini. Alitembea taratibu, anapitisha vidole kwenye kila mshono, anakivuta kitambaa kwenye mwanga, anasogea. Charla alisimama kando, mikono nyuma, kimya kama desturi inavyotaka. Dakika ishirini. Nusu saa.

Na kadiri alivyotembea ndivyo alivyozidi kuumia, maana kazi ilikuwa safi. Alama za mikunjo zilikuwa bado zinaonekana kwenye nailoni, wimbi kwa wimbi, upana mmoja, kutoka chini hadi juu. Odessa alitafuta wimbi lililopotoka, akakosa. Katika miaka yake yote ya kukunja hakuwahi kufika juu bila wimbi moja au mawili kumponyoka. Mwanafunzi alikuwa amempita. Alikuwa amempita kwa mkunjo wake mwenyewe.

Halafu akafika mahali pa urefu wa bega, karibu na kamba ya kumi na moja, akaona mstari mfupi, wa urefu wa kidole, kitambaa kimeiva kidogo na kuwa cha kahawia.

Ni alama ya joto. Nailoni ikitoka mfukoni kwa kasi ile husuguana na kuungua, na hakuna mwavuli duniani unaorudi bila moja au mbili. Mfungaji anaijua. Msichana mwenye ubao haijui.

Kidole cha Odessa kilisimama pale.

"Hapa?" Marisol alisogea, kalamu tayari. "Hii ndiyo uliyoiona kwenye televisheni?"

Upande wa kulia Odessa alimwona Charla. Charla aliuona mstari, na aliona kidole, na alijua. Ilitosha aseme, hiyo ni joto tu, lakini desturi ilikuwa imemfunga mdomo, na alikuwa ameitii. Shingo yake ilikuwa imekakamaa na macho yametazama mbele, hayabembelezi. Neno moja, Odessa alifikiri. Neno moja, na meza zote mbili za ukuta wa mashariki zinakuwa tupu, na sote tunakwenda nyumbani pamoja.

"Mama?" alisema Marisol. "Niandike hapa?"

"Hapana," Odessa alisema, na sauti ikamtoka nene. "Hilo ni joto. Kila mwavuli unalo. Usiandike."

"Basi kosa liko wapi?"

"Halipo."

"Sijaelewa. Redioni walituambia ulisema..."

"Nilisema. Mwavuli huu ulinyimwa upepo na wenzake wawili, ukangoja zamu. Hata uufunge kwa mkono wa malaika utangoja. Nilijua nilipokuwa natazama. Nilijua kabla haujamaliza kufunguka."

Msichana alishusha ubao. "Sasa kwa nini ulisema ulifungwa kwa haraka?"

"Kwa wivu."

Kalamu ilibaki hewani. "Samahani, hapa kuna sehemu ya sababu. Kuna kuchanika, kuna unyevu, kuna mkunjo mbaya. Nichague ipi?"

"Kuna sehemu ya mengineyo?"

"Ipo."

"Andika hapo. Wivu. Na jina langu, Odessa Pruitt, kwa herufi zote, usije ukaandika herufi ya kwanza tu watu wakadhani ni mwingine."

Marisol aliandika. Aliandika taratibu sana, kama mtu anayeogopa kwamba atacheka au atalia.

Walipobaki wawili, Charla aliachia mikono yake. Akaificha kwapani.

"Nilidhani utauonyesha ule mstari," alisema. "Moyoni nilishaanza kutafuta mkasi wa kufumulia."

"Nilikuwa nataka kuuonyesha."

"Najua. Nilikuona." Kisha akasema kwa hasira ya chini chini, "Meza ile ilikaa na shuka miaka miwili, Bi Dessa. Kila wakiniletea mtu naona kasoro. Jana nimewaambia waiondoe hiyo shuka."

"Wamekubali?"

"Wanaleta mtu Jumatatu. Kijana wa jeshini."

Odessa alikuwa amekuja akijua atapoteza msimu wake: safari mbili za mwisho za serikali zitafungwa na mikono mingine, na yeye atakuwa kwenye mapipa ya maji baridi, anasuuza chumvi. Kwa hilo alikuwa amejiandaa. Hili la meza hakujiandaa nalo.

"Yule mtangazaji wa televisheni," Charla aliongeza, "mimi nilimwambia mkunjo ni wa nani. Nilimwambia mara mbili, na jina la mtaa. Walikata."

"Usinieleze. Ukinieleza ndiyo nitazidi kuwa mbaya." Odessa alivaa pete yake, ikagoma kwenye kifundo, akaisukuma. "Na kijana wa jeshini mchunge. Wale wanakunja kama wanatandika kitanda."

Charla hakucheka. Alimfungulia mlango tu, akauacha wazi mpaka Odessa alipofika garini.

Hakwenda nyumbani. Aliendesha moja kwa moja hadi gereji ya Norvell, akamkuta amelala chini ya meza, anaunganisha waya za redio ya mtu.

"Norvell. Piga simu."

"Nimpigie nani, dada?"

"Wenzako wa redio. Uliwapigia uongo wangu, sasa wapigie na ukweli wangu."

Norvell alitoka chini ya meza na vumbi la waya usoni. "Uongo? Dada Dessa, mimi nimewaambia watu wote kwamba..."

"Ndiyo maana nimekuja hapa kwanza. Piga."

Alipiga. Kipindi kilikuwa hewani, mtu analalamikia mamba kwenye kidimbwi chake. Wakangoja mamba aishe. Kisha Odessa akachukua simu, akasimama wima katikati ya gereji kama aliyeitwa mbele ya darasa, akataja jina lake lote, akaeleza: mwavuli wa tatu ulifungwa sawasawa, hakuna haraka iliyofanyika, yeye alijua hivyo na alisema vingine, na Charla Beaudry wa Mims hana doa. Hakupaka sukari.

Mtangazaji alikohoa. Si kila siku mtu hupiga kujishtaki. "Asante, mama, huo ni... huo ni ungwana mkubwa. Sasa kwa wasikilizaji wetu, maana wewe umekuwa kazini muda mrefu: kwa maoni yako nani ndiye mfungaji bora wa miavuli hapa pwani?"

Norvell aliacha kupumua. Dewitt, ambaye alikuwa amesikia sauti ya mkewe kwenye redio ya nyumbani na kuvuka barabara na kandambili, alisimama mlangoni mwa gereji.

Odessa alibadilisha simu kutoka sikio hili kwenda lile. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Redio ilikaa kimya muda mrefu kuliko redio inavyotakiwa kukaa, mpaka mtangazaji akauliza kama mama bado yupo.

"Nipo," alisema. "Kwa sasa ni Charla Beaudry."

Akakata kabla hajaombwa kurudia.